Hita ya Maji ya Nyumbani: Lini Itengenezwe, Lini Itupwe?

Katika miji ya nyanda za juu, kama vile Njombe, Iringa, Mbeya na Arusha, miezi ya Juni na Julai humtenga mtu mwenye maji ya moto bafuni na mtu asiyekuwa nayo. Ndipo hita iliyofanya kazi kimya kimya mwaka mzima inapoanza kulalamikiwa. Maji huchelewa kupata moto, au hutoka yakiwa na rangi ya chai. Tangi hunguruma usiku. Au tone la maji halikomi kudondoka chini yake. Fundi huitwa. Naye, baada ya kuligonga tangi kwa bisibisi na kutikisa kichwa, mara nyingi hutoa hukumu moja tu: "Mama, hili limekwisha. Nunua jingine."

Huenda fundi huyo amesema kweli. Hata hivyo, kati ya dalili nne zilizotajwa hapo juu hakuna hata moja ambayo, peke yake, inathibitisha kwamba hita imefikia mwisho wake. Chombo hiki ni cha bei kubwa kwa nyumba ya mfanyakazi wa kawaida, na kukitupa kabla ya wakati ni hasara. Kwa upande mwingine, ziko hita zinazoendelea kutumiwa kila siku hali zimekwisha kuwa hatari kwa maisha, wala hazipigi kelele wala kuvuja. Makala haya yanakusudia kueleza yale yanayotokea ndani ya tangi, ili mwenye nyumba aweze kuipima hukumu ya fundi kabla ya kufungua pochi.

Chombo chenyewe

Hita ya kawaida ya umeme ni tangi la chuma cha pua lililofunikwa kwa povu zito la kuzuia joto lisipotee, na juu ya povu hilo pana bati jembamba lililopakwa rangi. Ndani ya tangi mna koili ya kuchemshia maji, kidhibiti joto kiitwacho themostati, na fimbo ya madini ambayo wenye nyumba wengi hawajapata kuiona. Maji ya baridi huingilia chini; ya moto, kwa kuwa ni mepesi zaidi, hupanda na kutokea juu. Kwenye bomba la kuingizia maji hufungwa vali ya usalama.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: koili, themostati, fimbo, vali na mipira yote ya kuzuia maji hufungwa kwa nati na skrubu. Kila kinachofunguliwa kwa spana hubadilishwa kwa sehemu ndogo ya bei ya hita mpya. Tangi lenyewe limeunganishwa kwa moto, nalo halina kipuri. Kwa hiyo swali la "hita hii itupwe au isitupwe?" kwa hakika ni swali juu ya tangi peke yake. Mengine yote ni matengenezo.

Adui wa tangi

Chuma, maji na oksijeni vikikutana, kutu hutokea. Na joto huharakisha kazi hiyo. Ili kulikinga tangi, watengenezaji wengi hulipaka ndani tabaka jembamba la kioo kilichoyeyushwa, yaani enameli, ile ile inayopakwa kwenye sahani na vikombe vya bati vilivyozoeleka majumbani. Kila aliyewahi kutumia kikombe cha namna hiyo anaujua udhaifu wake. Kikianguka sakafuni, enameli humeguka, na pale palipomeguka chuma huanza kuwa cheusi, kisha chekundu, hatimaye kikombe hutoboka.

Tangi la hita halianguki, lakini hupashwa moto na kupozwa maelfu ya mara. Chuma hutanuka na kusinyaa, na kioo hutanuka kwa kiasi tofauti. Tena hata tangi lililotoka kiwandani asubuhi ya leo lina vitundu vidogo sana katika enameli yake, hasa penye maungio. Kama ingekuwa hakuna kinga nyingine, tangi lingetoboka upesi.

Kinga hiyo nyingine ndiyo fimbo iliyotajwa, ambayo kwa kawaida ni ya magnesiamu. Katika elimu ya kemia, metali hutofautiana kwa wepesi wake wa kuachia elektroni. Magnesiamu huziachia upesi kuliko chuma. Metali mbili hizo zikigusana ndani ya maji, mkondo mdogo wa umeme hupita baina yao. Magnesiamu huyeyuka kidogo kidogo na chuma husalimika. Kwa sababu hiyo fimbo huitwa anodi ya kafara: huliwa yenyewe ili tangi lisiliwe.

Maarifa haya si mapya. Mwaka 1824 mwanakemia Mwingereza, Humphry Davy, aliieleza Royal Society ya London jinsi vipande vya zinki au chuma vinavyoweza kuikinga shaba iliyobambwa chini ya merikebu za kivita isiliwe na maji ya bahari. Shaba ilikingika barabara. Lakini chembe za shaba zilizokuwa zikiyeyuka ndizo zilizokuwa sumu kwa kome na majani ya bahari. Zilipokoma kuyeyuka, viumbe hao waliota kwa wingi chini ya merikebu na kuipunguzia mwendo, hata wanamaji wakauacha mpango huo. Hapana mwanasayansi ambaye hajawahi kufaulu kwa namna hiyo. Katika tangi la maji ya kuogea hapana kome, na wazo la Davy limefaa sana.

Anodi ikiisha, tangi hubaki bila mlinzi. Itakwisha baada ya muda gani? Hilo hutegemea maji. Katika maji yenye chumvi nyingi mkondo wa umeme ni mkubwa na fimbo huliwa haraka. Katika maji mororo ya mito itokayo kwenye milima ya mawe ya matale hudumu zaidi. Yafaa ifunguliwe na kutazamwa katika mwaka wa pili, na tena kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Ikiwa imebaki waya wa katikati tu, au imekonda kama ufito uliotafunwa na mchwa, ibadilishwe mara moja. Ni jambo la kusikitisha kwamba kipuri hiki rahisi kuliko vyote ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Hita nyingi zinazotupwa zimetupwa kwa sababu hakuna mtu aliyefungua nati moja.

Husemwa mara nyingi kwamba tangi la namna hii huishi kati ya miaka 8 na 12. Umri ni jambo la kuangaliwa, na mwaka wa kutengenezwa kwa kawaida huandikwa kwenye kibati kilichobandikwa ubavuni. Lakini tangi la miaka 14 ambalo anodi yake imekuwa ikibadilishwa laweza kuwa zima kuliko la miaka 5 lililoachwa litumie maji ya kisima cha chumvi bila kutazamwa.

Maji ya rangi ya chai

Maji mekundu yakitoka kwenye koki ya moto, mwenye nyumba hufikiri papo hapo kwamba tangi linaoza. Kabla ya kufikiri hivyo, na afungue koki ya baridi. Ikiwa nayo inatoa maji mekundu, kosa si la hita. Katika miji yenye mgao wa maji, mabomba ya chuma hukauka, hewa huingia, kutu hushika, na maji yarudipo huikokota kutu hiyo hadi jikoni. Hita imeipokea tu kama mgeni asiyealikwa.

Ikiwa maji ya baridi ni safi na ya moto ni mekundu, umeme uzimwe, kisha maji ya moto yatekwe katika ndoo tatu au nne, moja baada ya nyingine, na yalinganishwe. Yakizidi kutakata ndoo kwa ndoo, huenda ni tope la kutu lililotuama chini ya tangi, na kulisafisha kutatosha. Yakiendelea kuwa mekundu hata tangi limejazwa upya mara mbili, na anodi imekwisha, basi chuma chenyewe kinaliwa. Hapo hukumu ya fundi ni ya haki, na afadhali hita mpya inunuliwe kabla ya dari kulowa.

Harufu ya yai bovu ni habari nyingine kabisa. Huletwa na vijidudu vinavyoishi katika maji yasiyo na hewa, ambavyo huigeuza salfeti kuwa gesi ya haidrojeni salfaidi. Na haidrojeni inayotolewa na anodi ya magnesiamu huvisaidia. Tiba yake ni kulisafisha tangi, kulipasha moto sana kwa saa kadhaa, na ikibidi kuweka anodi ya aina nyingine. Tangi halina kosa.

Chokaa na yale yasemwayo juu yake

Maji ya mvua hunyonya kaboni dayoksaidi hewani na udongoni, yakawa na uchachu mdogo. Yakipita katika miamba ya chokaa huiyeyusha na kuichukua. Ndivyo ilivyo katika visima vya Unguja na vya Mombasa vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe, na katika sehemu za Tanga ambako mapango ya Amboni yalichongwa na maji ya namna hiyo hiyo. Maji hayo yakipashwa moto, kaboni dayoksaidi hutoroka na chokaa huganda tena kuwa jiwe jeupe. Birika la nyumba yoyote ya Mji Mkongwe ni ushahidi tosha. Katika hita, jiwe hilo huganda juu ya koili kwa sababu hapo ndipo penye joto kali kuliko kwingine.

Hupendwa kusemwa kwamba chokaa juu ya koili "hula umeme". Kwa hita ya umeme jambo hili si sahihi, na linafaa kuelezwa kwa makini. Koili imezama ndani ya maji. Joto lote linalotokana na umeme halina njia nyingine ila kuingia majini, liwe limepitia chokaa au halikupitia. Mita haitasoma zaidi kwa sababu ya chokaa. Tofauti ni kwamba joto hulazimika kupenya jiwe lisilopitisha joto vizuri, na kwa hiyo koili yenyewe huwa ya moto mno kuliko ilivyokusudiwa, mpaka siku moja ikakatika. Kwa hita za gesi, ambazo moto wake huwaka nje chini ya tangi, hali ni kinyume: chokaa ikizuia joto lisiingie, joto hupotelea kwenye bomba la moshi, na gharama hupanda kweli kweli.

Ngurumo na milio ya kupasuka inayosikika usiku hutokana na chokaa hiyo. Maji yaliyonaswa ndani ya tabaka la jiwe huchemka na kuwa mvuke, kisha viputo hupasuka vinapokutana na maji ya baridi zaidi. Mlio huo ni ombi la kusafishwa. Koili hufunguliwa, hulowekwa katika siki au asidi hafifu, na mabonge yaliyo chini ya tangi hutolewa kwa mkono.

Inafaa kutaja kwa kupita kwamba maji yenye floridi nyingi ya baadhi ya chemchemi na visima vya kandokando ya Mlima Meru, ambayo huchafua meno ya watoto, mara nyingi yana kalsiamu kidogo tu. Koili itabaki safi, na jambo hilo lisimdanganye mtu kuwa maji ni mema. Kuyachemsha hakuondoi floridi.

Hesabu ya dakika

Malalamiko yanayoongoza kwa wingi ni kwamba hita "imechoka" na haipashi maji kama zamani. Hapa mwenye nyumba anaweza kujihukumia mwenyewe kwa saa ya mkononi na hesabu ya shule ya msingi.

Zidisha lita za tangi kwa nyuzi za joto unazotaka kuongeza, kisha gawanya kwa 860. Jawabu ni uniti za umeme zinazohitajika. Tangi la lita 50, likitolewa kutoka nyuzi 20 za Sentigredi hadi 60, linahitaji 50 mara 40 kugawanya kwa 860, yaani uniti 2.3 hivi. Koili ya wati 1,500 hutoa uniti moja na nusu kwa saa. Kwa hiyo kazi itachukua saa moja na dakika 33. Mjini Njombe mwezi wa Julai, maji yakiingia tangini kwa nyuzi 12, kazi hiyo hiyo itachukua saa moja na dakika 52. Hita haikuchoka, maji yamekuwa baridi.

Umeme nao una neno. Nguvu ya koili hufuata mraba wa volti. Koili iliyotengenezwa kwa volti 230 ikipewa volti 200 tu, kama inavyotokea saa za jioni katika mitaa iliyo mbali na transfoma, hutoa robo tatu tu ya nguvu yake. Ile saa moja na dakika 33 hugeuka kuwa saa mbili na ushei. Kununua hita mpya hakutaongeza volti hata moja.

Ikiwa muda uliopimwa unakaribiana na ule wa hesabu, hita ni nzima. Ikiwa ni mara mbili, na tangi lina koili mbili, yamkini moja imekatika. Fundi mwenye mita ya kupimia umeme ataligundua hilo kwa dakika moja: koili ya wati 1,500 kwa volti 230 ina ukinzani wa omu 35 hivi, na ya wati 3,000 ina kama 18. Ikiwa mita haisomi kitu, koili imekatika. Katika nchi zetu koili hukatika mara nyingi si kwa uzee bali kwa mgao wa maji: bomba kuu hukauka, tangi hujimwaga kwa kurudisha maji lilikotoka, na mtu asiyejua huwasha swichi. Koili iliyoachwa hewani huungua kwa muda mfupi. Vali ya kuzuia maji yasirudi, ikiwa nzima, huepusha balaa hilo.

Kama maji hupata moto lakini hayakai na moto, mtu na ayapashe jioni mpaka themostati ikate, azime swichi, asifungue koki, na apime joto la maji asubuhi. Tangi la lita 80 likishuka nyuzi 10 kwa usiku mmoja limepoteza karibu uniti moja kamili. Kiasi hicho si cha ajabu. Likishuka nyuzi 25 au 30, na bati la nje likahisiwa kuwa na joto mkononi, yaelekea povu limelowa au limeoza. Povu lililolowa nalo lauliza swali la pili: maji hayo yametoka wapi?

Kuhusu kiasi cha joto chenyewe, wako wanaoishusha themostati hadi nyuzi 40 kwa nia njema ya kubana matumizi. Ni afadhali wasifanye hivyo. Bakteria waitwao Legionella, waliotambuliwa baada ya mlipuko wa ugonjwa wa mapafu katika mkutano wa wanajeshi wastaafu mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1976, hustawi katika maji ya uvuguvugu na hufa yakifika nyuzi 60. Kwa upande mwingine maji ya nyuzi 60 humbabua mtoto kwa sekunde chache. Kwa hiyo tangi liwe la moto, na kuchanganya kufanyike kwenye koki, maji ya baridi yakitangulia.

Tone lisilokoma

Maji yakitoka nyuzi 20 hadi 60 hutanuka kwa asilimia moja na nusu hivi. Katika tangi la lita 80, hiyo ni zaidi ya lita moja ya maji isiyo na mahali pa kukaa. Ikiwa hakuna vali ya kuzuia maji yasirudi, maji hayo hupanda kimya kimya hadi tangi la paani. Ikiwa vali hiyo ipo, kanieneo ndani ya hita hupanda haraka, kwa kuwa maji hayakubali kubanwa, na vali ya usalama hufunguka na kuyatoa tone kwa tone. Tone hilo linalodondoka wakati hita inapasha moto, na kukoma inapopoa, ni ishara ya afya.

Hapo ndipo linapofanyika kosa kubwa kuliko yote. Mwenye nyumba hukerwa na kidimbwi sakafuni. Fundi asiye na subira huziba tundu kwa kijiti, kwa msumari, au kwa kifuniko cha bomba. Kidimbwi hukauka na wote hufurahi. Kuanzia siku hiyo hita hiyo ni bomu. Siku themostati itakapogandamana na kuacha kukata, maji yatapita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa sababu yamebanwa. Katika kanieneo ya mara sita ya ile ya hewa, maji hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 159. Tangi likipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke kwa ghafla, na mvuke huhitaji nafasi ya zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Ukuta wa matofali hauwezi kustahimili hayo. Anayeona vali iliyozibwa na azime umeme siku hiyo hiyo, wala asisubiri mwisho wa mwezi. Dawa ya kidimbwi ni mpira mwembamba wa kuyaongoza matone hadi kwenye mfereji, mwisho wake ukiachwa wazi.

Tone linalodondoka mchana na usiku, hita ikiwa ya moto au baridi, ni jambo jingine. Sehemu zote zikaushwe kwa kitambaa, kisha karatasi kavu ishikizwe chini ya kila ungio. Maji yakitokea kwenye uzi wa bomba, katani mpya au utepe utamaliza kazi. Yakitokea kwenye sahani ya koili, mpira ubadilishwe. Lakini yakichuruzika kutoka chini ya bati la nje, na maungio yote ni makavu, basi tangi limetoboka, na hakuna fundi duniani atakayelirudishia uhai. Wapo wachomeleaji wanaojitolea kuliziba. Moto wa kuchomelea huiunguza enameli kuzunguka kiraka, na tundu moja lililozibwa huzaa matatu. Juu ya hayo, chombo hicho hubeba kanieneo, si ndoo.

Umeme unapotembea katika maji

Dalili ya mwisho ni ile inayosimuliwa kwa kicheko: "Shawa yetu hurusha kidogo." Haifai kuchekwa. Waya wa koili umetengwa na ganda lake kwa unga mkavu. Ganda likipasuka, maji huingia, unga hulowa, na umeme hupata njia ya kufikia maji na mabomba. Ikiwa waya wa ardhi umefungwa sawasawa, umeme huo huenda ardhini na kikata umeme hujifungua. Ikiwa waya huo haupo, umekatwa, au umefungwa kwenye bomba ambalo sasa ni la plastiki, njia ya kwenda ardhini ni mwili wa anayeoga, tena mwili uliolowa, usio na viatu. Swichi kuu izimwe kwanza, na hakuna atakayeoga mpaka koili imepimwa. Koili mpya na waya wa ardhi uliojaribiwa kwa mita hutosha. Tangi, kama ni zima, libaki.

Onyo hili ni kali zaidi kwa zile hita ndogo za papo kwa papo zinazofungwa kwenye kichwa cha shawa. Ili kupasha lita tatu za maji kwa dakika kwa nyuzi 25, huhitaji zaidi ya wati 5,000, yaani ampea 22 au 23, mzigo ambao waya mwembamba wa taa hauwezi kuubeba. Nyingi kati yake zina koili iliyo uchi ndani ya maji. Maji ya chumvi ya visima vya mwambao hupitisha umeme kwa urahisi kuliko maji mororo, na kwa hiyo hita iliyokuwa salama Mbeya yaweza kurusha Dar es Salaam. Hita hizi hazina tangi la kutoboka. Hutupwa pale kifuniko cha plastiki kinapopasuka, au vituo vya waya vinapokuwa vyeusi kwa kuungua.

Hita za jua zilizoenea juu ya mapaa mengi hufuata kanuni zile zile kwa mabadiliko machache. Bomba la kioo likipoteza ombwe lake, rangi ya fedha iliyo chini yake hugeuka nyeupe kama maziwa, na bomba hilo peke yake ndilo linalobadilishwa. Mengi ya matangi yake ni ya chuma kisichoshika kutu. Jina hilo linaahidi mengi mno: kloridi ya maji ya chumvi, ikisaidiwa na joto, hulichimba na kulipasua hasa penye maungio. Mwenye kisima cha maji ya chumvi na aulize habari hii dukani kabla ya kulipa.

Hita mpya inapobidi

Tangi likithibitika kwamba limetoboka au linaliwa, hita mpya ifungwe pamoja na vali mpya ya usalama, wala si ile ya zamani kwa sababu "bado inafanya kazi". Kabla umeme haujawashwa, koki ya moto ifunguliwe mpaka maji yatoke mfululizo bila hewa. Tarehe iandikwe ubavuni kwa kalamu ya wino usiofutika, na chini yake tarehe ya kutazama anodi. Nyumba ikifungwa kwa wiki mbili au zaidi, haidrojeni kidogo inayotolewa na anodi hukusanyika juu ya tangi; siku ya kurejea, koki ya moto ifunguliwe kwanza kwa dakika kadhaa, dirisha likiwa wazi, na asiwepo mwenye sigara wala kibiriti karibu.

Tangi lililotolewa lina thamani kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na koili yake, kama inasoma omu zake, yaweza kuhifadhiwa kuwa akiba. Vijana wanaolichoma tangi kuukuu ili kulivua povu wakatazwe. Povu hilo likiungua hutoa moshi wenye sumu ya haidrojeni sayanaidi. Na likwanguliwe kwa panga, mahali penye upepo.